Pombe ya pipa na umaskini wa ulimi wetu

Jumamosi moja mwezi uliopita, walimu watatu wa Kiswahili tulimtembelea mwenzetu aliyerejea kutoka Chicago alikokuwa masomoni. Baada ya chakula na maamkuzi marefu, mwenyeji wetu alitoa chupa moja ndogo, akaiweka mezani kwa adabu kana kwamba ni amana ya wenyewe. "Walimu," akasema, "hii ni bia, ila msiidhanie kuwa bia mliyoizoea. Imelala mwaka mzima ndani ya pipa la wiski."

Alitumiminia kila mmoja kiasi cha vidole viwili tu. Kinywaji kilikuwa cheusi ti, kizito kama asali ya msituni, na povu lake la rangi ya kahawia lilitoweka kabla hatujainua gilasi. Tukaonja. Mwenyeji akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza, "Haya, wataalamu wa lugha, nambieni mnaonja nini."

Mwenzetu wa Kilifi akasema, "Kali." Mwenzetu wa Nandi akasema, "Si mbaya." Nami, niliyekalia kiti cha mwalimu kwa miaka mingi, nikasema, "Tamu." Kisha kimya kikatanda.

Kabla sijaendelea, niwatoe wasiwasi wazazi na walimu wakuu. Sikuandika haya ili kumshawishi mwanafunzi yeyote aguse chupa. Sheria ya mwaka 2010 imekataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na bia hii ina kileo cha zaidi ya asilimia 11, ilhali bia nyingi za kawaida hazifiki nusu ya hapo. Jambo lililoniuma jioni ile halikuwa pombe. Lililoniuma ni kwamba walimu watatu wa lugha tulipewa kitu chenye mambo mengi, nasi tukakijibu kwa maneno manne.

Mambo yenyewe ni mengi kweli, na yana asili yake. Sheria ya Marekani inaamuru wiski iitwayo bourbon ikomazwe katika chombo kipya cha mti wa mwaloni, kilichochomwa kwa moto upande wa ndani. Kwa kuwa chombo hutakiwa kuwa kipya, pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa kazi hiyo, na huuzwa. Mengi huvushwa bahari yakaenda kukomaza wiski ya Uskoti. Katika miaka ya 1990, watengenezaji bia wa Goose Island, huko huko Chicago, walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuyajaza bia nyeusi nzito na kuiacha ilale humo kwa miezi.

Katika kulala huko, bia hunyonya kilichomo mbaoni. Moto ulipouchoma mwaloni ulizalisha ladha ya vanila na ya sukari iliyoungua. Mbao yenyewe ina harufu inayokaribiana na ya nazi, na ina ile asili ya magome inayokaza ulimi. Wiski iliyobaki katika nyufa hutoa ukali wake. Hewa kidogo ipenyayo katika mbao huibadilisha bia polepole, ikaanza kunukia matunda makavu. Fauka ya hayo, bia ilikuja na mzigo wake: kimea cha shayiri kilichokaangwa hadi kikawa cheusi, chenye uchungu wa kahawa.

Maneno kama hayo ndiyo yaliyokuwa yameandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi iliyobandikwa chupani. Mwenyeji alipotusomea, yule wa Kilifi akatikisa kichwa. "Ndiyo hivyo, ndugu zangu," akasema. "Mambo haya Kiswahili hakina maneno yake."

Nilikuwa karibu kumuunga mkono. Aliyetuokoa ni yule wa Nandi. Alikuwa ameinamia gilasi yake, ananusa, hanywi. Mara akasema, kama mtu anayejisemea, "Huu ni moshi wa kibuyu cha mama."

Tulimtaka aeleze. Akatukumbusha jinsi akina mama wa kwao wanavyolitayarisha buyu la mursik, waliitalo sotet. Hulisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mti kama senetwet, mkaa ukasagika na kuganda kwenye kuta za buyu, ndipo maziwa yakatiwa yalale humo. Maziwa hutoka na madoadoa ya kijivu, yana uchachu na harufu ya moshi uliopoa. "Pipa lililochomwa na buyu lililochomwa," akasema, "mafundi wake ni ndugu, ingawa hawajawahi kuonana."

Ikawa kama kwamba mlango umefunguliwa. Yule wa Kilifi alionja tena, sasa kwa utulivu. Akasema kwamba mwanzo wake ni tende, zile nyeusi zilizolainika hadi zinashika vidole. Nyuma ya tende ipo halua iliyoachwa motoni kupita kiasi kidogo, ikakaribia kuungua bila ya kuungua. Katikati unakuja uchungu wa kahawa chungu ya barazani. Halafu akanyamaza, akapitisha ulimi kwenye fizi, akasema, "Na mwisho kuna ukakasi. Zambarau zinavyokaza ulimi, ndivyo." Nami nikaongeza kwamba kileo chenyewe hakikuchoma koo kama nilivyotarajia. Kilishuka taratibu, kikaacha joto kifuani, mfano wa tangawizi katika chai.

Ni neno gani hapo ambalo Kiswahili hakikuwa nalo? Hatukukopa hata moja usiku ule ila vanila, na hilo lilikwisha kukopwa zamani na waoka keki. Maneno yalikuwapo jikoni, barazani na kwenye zizi la ng'ombe. Sisi ndio tuliokuwa tumeyaacha huko.

Wala tusidhani kwamba Kiingereza kilishushiwa msamiati huu kutoka mbinguni. Mwandishi Mwingereza Michael Jackson, aliyeishi kutoka mwaka 1942 hadi 2007, naye si yule mwimbaji, alitoa mwaka 1977 kitabu kilichozieleza bia za dunia kwa namna ambayo haikuwa ya kawaida wakati huo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, mtaalamu wa Denmark, Morten Meilgaard, alibuni duara la ladha za bia, ili waonjaji wakubaliane ni neno gani lisimamie ladha gani. Waliyatoa wapi maneno? Mkate, ndizi, karafuu, nyasi zilizokatwa. Wapo waonjaji wanaoitaja hata harufu ya blanketi la farasi, na wala hawatanii. Walifanya tulichofanya sisi mezani: walitazama walichokijua, wakakitumia kukitaja wasichokijua.

Tofauti ni kwamba wao waliifanya kazi hiyo kwa makusudi, kisha wakaiandika.

Sisi tumeyaachia maneno mawili kubeba mzigo wa lugha nzima. "Tamu" kwetu ni sukari, na pia ni mchuzi uliokolea chumvi, na pia ni usingizi na hadithi. "Kali" ni pilipili, ni siki, ni pombe, ni jua, ni kisu na mbwa wa jirani. Hakuna ubaya neno kuwa na maana nyingi. Ubaya upo pale neno moja linapotumiwa kwa uvivu, hali wenzake wamo ghalani wanaliwa na mchwa: chapwa na dufu kwa kisichokolea, uchachu na ugwadu kwa kitu cha mfano wa ukwaju, shombo kwa samaki, ukakasi kwa kile kinachokaza.

Hili la ukakasi nina deni nalo, na leo nalilipa. Miaka mingi iliyopita, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliandika katika insha kwamba embe changa alilolila lilimwachia ukakasi kinywani. Nililikata neno hilo kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "uchungu", kisha nikampunguzia alama. Nilidhani ninamsahihisha. Kumbe uchungu huonjwa na ulimi, ilhali ukakasi ni kule kukazwa kwa ulimi na fizi kana kwamba ngozi inavutwa. Ni mambo mawili, na mtoto yule aliyajua yote mawili. Mwalimu alijua moja. Sijui kama alilitumia tena neno lile, na hilo ndilo linalonikera. Tukilifuta neno katika daftari, huenda tumelifuta katika kizazi.

Walimu wenzangu, jaribuni jambo moja ambalo halihitaji pombe wala fedha nyingi. Leteni darasani limau, ukwaju, ndizi mbichi, chumvi, kahawa isiyotiwa sukari na kipande cha sukari guru. Wanafunzi wafumbe macho, waonje, kisha waandike aya moja pasi na kutumia maneno "tamu", "kali" na "nzuri". Mtashangaa watakayoleta kutoka kwa bibi zao. Nanyi wanafunzi, mkikutana na neno la nyumbani ambalo mwalimu halijui, msilitupe. Mwelezeni.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikuzote tumemlaumu mgema kwa methali hii, tukamwita mwenye majivuno. Yamkini lawama nyingine ni ya msifuji. Alisema tu "tembo lako tamu", asiseme ni tamu kwa nini, wala tembo la jana lilizidiwa na la juzi kwa lipi. Mgema akatambua kwamba mnywaji huyu hata akitiliwa maji atasema lile lile neno.

Mwonjaji mwenye maneno ni vigumu kumpunja. Hili ni kweli kwa tembo, na ni kweli kwa vitabu, kwa hotuba na kwa ahadi za wakubwa. Anayejua kutofautisha uchungu na ukakasi hatauziwa chapwa akaiita tamu.