Mafuta Haya Yametoka Mwamba Gani?

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert, Uganda, yana nta nyingi mno. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lilibuniwa kupashwa joto njia nzima; vinginevyo mafuta yangegandia ndani. Kwa mhandisi, nta hiyo ni kero. Kwa mkemia wa miamba ni ushahidi, kwani nta nyingi kwa kawaida huashiria mwani wa ziwani na mimea ya nchi kavu.

Mafuta hayazaliwi pale yanapochimbwa. Huiva ndani ya mwamba mama, yaani tope lenye mabaki ya viumbe lililozikwa kina kirefu likapata joto, kisha huhama mpaka yanaswe kwenye tabaka jingine. Zipo molekuli zinazovumilia safari hiyo. Mwaka 1934 Mjerumani Alfred Treibs alionyesha kwamba porfirini zilizomo kwenye mafuta zina umbo linaloshabihiana na klorofili ya majani.

Mkia wa klorofili nao una habari zake: tope likiwa na oksijeni huelekea kuwa pristani, likiikosa huelekea kuwa fitani. Hopani ni mabaki ya utando wa bakteria. Oleanani hutokana na mimea itoayo maua, hivyo ikiwa nyingi, ni vigumu kuusingizia mwamba wa enzi ya Jura, wakati mimea hiyo ilikuwa haijatamalaki. Ni vigumu, sisemi haiwezekani: mafuta yanaweza kuiokota oleanani njiani, yakipenya tabaka changa.

Mtego mwingine uko juu ya ardhi. Kibiro, kando ya ziwa hilohilo, mafuta huchuruzika yenyewe karibu na chemchemi za moto ambako wanawake hutengeneza chumvi. Mafuta yakishafika kwenye hewa na maji, bakteria huyavamia, na huanza na minyororo iliyonyooka ya nta, iliyo rahisi kuliwa. Anayepima nta peke yake kwenye sampuli ya namna hiyo atapotoka vibaya. Hopani na sterani, zenye pete za kaboni zilizoshikamana, hudumu zaidi. Basi hizo ndizo tunazozilinganisha na zilizokamuliwa kutoka mwamba unaoshukiwa, kilele kwa kilele kwenye grafu. Vilele vyote vikilingana isipokuwa cha oleanani, sikimbilii kutafuta mwamba mwingine. Kwanza natazama ramani ya tabaka ambazo mafuta yamezipitia.