Itale za Kibara: Asili Yake na Ushahidi wa Kemia

Mashariki ya Ziwa Upemba, katika Katanga, ipo Milima ya Kibara, ambayo imewapa wanajiolojia jina la ukanda mzima wa miamba ya kale. Ukanda huo hupita Mitwaba na Manono, huelekea kaskazini-mashariki hadi Maniema na Kivu, na miamba ya umri uleule huonekana tena Rwanda, Burundi, Karagwe ya Tanzania na Ankole ya Uganda. Ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Milima ya awali imekwisha kusagwa na mvua na mito. Kilichobaki juu ya uso wa nchi ni mizizi yake, na katika mizizi hiyo itale, yaani graniti, ni nyingi mno. Kwa muda mrefu wataalamu wamebishana juu ya asili ya itale hizo, na ubishi huo haukuwa wa maneno matupu, kwa sababu bati, koltani na lithiamu ya nchi hii vimefungamana nazo.

Itale ni mwamba wa moto. Maana yake ni kwamba hapo zamani ilikuwa magma, uji wa mawe yaliyoyeyuka, nayo ikapoa polepole chini ya ardhi bila kufika juu kama zaha ya Nyiragongo. Kwa kuwa ilipoa polepole, chembe zake zilipata muda wa kukua, na jicho huweza kuzitambua bila chombo: kwatsi ya kijivu, feldispa nyeupe au ya waridi, na ulanga unaong'aa. Mtu akiisaga na kuipima, ataona kwamba silika huchukua asilimia 70 au zaidi ya uzito wake. Basalti, ambayo huzaliwa katika joho la Dunia lililo chini ya gamba, ina karibu asilimia 50 tu, lakini imejaa chuma na magnesiamu. Kwa hiyo joho haliwezi kuzaa itale kwa hatua moja. Ama magma ya basalti hubadilika sana inapopoa, ama gamba lenyewe la bara huyeyuka.

Mwaka 1974 Bruce Chappell na Allan White, waliochunguza itale za kusini-mashariki ya Australia, walionyesha njia ya kutofautisha asili hizo. Itale iliyotokana na miamba ya moto ya zamani zaidi huwa na kalsiamu na sodiamu ya kutosha. Ile iliyotokana na matope ya kale ni tofauti, na sababu yake ni rahisi. Mwamba unapooza juani na mvuani, maji huosha kalsiamu na sodiamu na kuzipeleka baharini, lakini alumini hubaki katika udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ukizikwa, ukageuka mwamba na hatimaye ukayeyuka, itale yake huwa na alumini ya ziada, na ziada hiyo hujitokeza kama ulanga mweupe, na mara nyingine tomalini nyeusi. Itale nyingi za Kibara ni za namna hii. Kwa maneno mengine, zilikuwa matope ya mito na bahari kabla ya kuwa mawe magumu.

Strontiamu yathibitisha jambo hilo. Rubidiamu ya uzito wa 87 hugeuka strontiamu ya uzito huohuo, polepole sana: nusu yake huisha kwa karibu miaka bilioni 50. Gamba la bara lina rubidiamu nyingi kuliko joho, kwa hiyo kadiri linavyozeeka hukusanya strontiamu 87 zaidi. Kitu kilichotoka johoni huwa na uwiano wa karibu 0.703 kati ya strontiamu 87 na 86. Kilichotoka katika gamba la kale hupita 0.710.

Lakini rubidiamu hiyohiyo ndiyo iliyowapoteza watafiti njia walipotaka kujua umri. Katika miaka ya 1960 na 1970 Lucien Cahen na wenzake wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, walipima itale nyingi kwa saa ya rubidiamu na strontiamu, wakapata umri wa namna nyingi, tangu karibu bilioni 1.3 hadi chini ya bilioni 1. Ikajengwa ngazi ya vizazi vinne, G1 hadi G4, kana kwamba milima ilijengwa kwa awamu katika muda wa miaka milioni mia kadhaa. Ilikuwa kazi ya heshima, iliyofanywa kwa vyombo vya wakati wake. Ila saa hiyo ina udhaifu: maji ya moto yakipita mwambani, au mwamba ukipashwa joto upya, rubidiamu na strontiamu huhama, na saa huanza kuhesabu upya au husimama katikati.

Zirkoni haidanganyiki kwa urahisi. Ni punje ndogo, ngumu, ambayo inapozaliwa hupokea urani na kuikataa risasi. Risasi yote itakayokutwa ndani yake baadaye ni mtoto wa urani. Tena urani ni za namna mbili zenye kasi tofauti, kwa hiyo saa mbili husahihishana ndani ya punje moja. Mwaka 2004 Joseph Kokonyangi na wenzake walitangaza vipimo vya zirkoni za itale za Mitwaba: karibu miaka bilioni 1.38. Ndani ya baadhi ya punje zilikutwa kokwa za kale zaidi, mabaki ya lile gamba lililoyeyushwa. Mwaka 2010 Luc Tack na wenzake wakatoa umri wa miaka milioni 1,375 kwa itale za upande wa Burundi na Rwanda. Vizazi vingi vya ile ngazi vikaporomoka na kuwa tukio moja kubwa, likifuatwa baada ya muda mrefu na itale za bati, zenye umri wa karibu milioni 986.

Umri ukakubalika, sababu haikukubalika. Henri Kampunzu, aliyefundisha Lubumbashi kabla ya kwenda Botswana, alishikilia tangu miaka ya 1980 kwamba gamba la bahari lilizama chini ya bara na mabara yakagongana, na Kokonyangi alifuata njia hiyo. Jean Klerkx mwaka 1987, na baadaye Tack, walisema kinyume: bara lilivutwa, likakonda, na magma ya johoni ikapanda. Hoja yao kubwa haimo katika itale bali katika jirani zake, yaani miamba mizito ya nikeli ya Musongati, Burundi, na Kabanga, Tanzania. Hiyo ni ya johoni bila shaka, na umri wake ni uleule wa milioni 1,375. Magma yenye joto la nyuzi 1,200 ikikaa chini ya gamba ambalo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 700 hivi, itale nyingi hazina budi kuzaliwa.

Wa upande wa mgongano hutegemea uchache wa niobiamu, alama ya magma za mahali ambapo gamba la bahari huzama. Hapa pahitaji uangalifu. Itale iliyotokana na gamba hurithi alama za gamba hilo, na gamba la mabara karibu lote ni haba kwa niobiamu. Alama hiyo yaweza kuwa ya babu, si ya mzazi. Kwa sababu hiyo hoja ya nikeli ina uzito zaidi, ingawa Musongati ni mbali na Mitwaba na upande wa Katanga wastahili kupimwa kwa vipimo vyake wenyewe. Kukunjwa kwa tabaka, kwa mujibu wa Tack, kulikuja baadaye sana, karibu miaka bilioni 1 iliyopita.

Itale za bati ni za wakati huo wa baadaye. Kuzifahamu, yafaa kutazama chupa ya mawese katika majira ya baridi ya Lubumbashi: sehemu moja huganda na kushuka, nyingine hubaki maji juu. Magma hufanya vivyo hivyo. Feldispa na ulanga zinapoganda huchukua vinavyowafaa na kuacha bati, tantalamu na lithiamu, ambavyo haviingii kwa urahisi katika madini ya kawaida. Maji ya mwisho ya magma huwa yamejaa vitu hivyo, hupenya katika nyufa na kuganda kuwa pegmatiti. Pegmatiti za Manono na Kitotolo, zilizotandaa kwa zaidi ya kilometa 10, ziliganda karibu miaka milioni 940 iliyopita, zikiwa na kasiteriti iliyochimbwa tangu enzi ya ukoloni, pamoja na spodumeni, jiwe la lithiamu ambalo wachimbaji wa bati hawakuwa na haja nalo.

Itale ya miaka milioni 1,375 na ile ya milioni 986 zaweza kuonekana sawa machoni, zote nyeupe na zote zenye ulanga. Maabara huzitenganisha: ile ya bati ina rubidiamu nyingi ikilinganishwa na potasiamu, na strontiamu na bariamu yake ni kidogo mno, kwa kuwa feldispa za kwanza zilikwisha kuzichukua.