Nani Anaamua Sukari ya Chai ya Ofisini?

Leo tunazungumza na watumishi wa serikali: karani, askari, mwalimu, muuguzi, afisa wa samaki, chifu na naibu wake. Tunazungumza pia na wewe uliyeketi kwenye benchi nje, ukingoja barua yako ipigwe muhuri. Mada yetu ni chai ya ofisini. Usicheke, wala usibadilishe stesheni.

Hapa Usenge, ikikaribia saa nne asubuhi, kazi hupunguza mwendo. Mama wa chai anaingia na mzigo wake: chupa mbili za chai, ndoo ya mandazi yenye kifuniko, mayai ya kuchemsha, pengine chapati, na beseni la vikombe. Katika nchi nyingine ofisi za serikali zina mashine iliyosimama ukutani. Unatia sarafu, unabonyeza, na soda au biskuti inaanguka chini. Hata sisi Kenya tumezoea mashine za namna hiyo kwa maziwa, zile tunazoziita ATM za maziwa. Lakini kwa mtumishi wa ufuo huu wa ziwa, mashine ni huyo mama. Anachobeba ndicho ofisi nzima itakachokula, siku tano kwa juma, mwaka hadi mwaka.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Chai yetu hupikwa. Maji, maziwa, majani na sukari huchemka pamoja katika sufuria moja. Kuna faida hapo, maana maziwa yaliyochemka vizuri hayaleti ugonjwa wa brusela. Lakini ina maana pia kwamba sukari yako imeamuliwa alfajiri, kabla hujafunga kamba za viatu.

Tufanye hesabu kidogo. Chupa ya lita 3 hutoa vikombe 12 vya mililita 250. Tuseme mama ametia robo kilo ya sukari katika sufuria. Gawanya kwa 12, na kila kikombe kinabeba gramu 20 na ushee. Kijiko kidogo cha chai, kikiwa hakikurundikwa, hubeba gramu 4. Basi umekunywa vijiko 5. Ukirudia saa kumi jioni umefika vijiko 10. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12, na shirika hilo likasema nusu yake ni bora zaidi. Kwa hiyo vikombe viwili vya ofisini vimekaribia kumaliza haki yako ya siku nzima, na bado hatujahesabu chai uliyokunywa nyumbani wala mandazi.

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kisukari, hesabu hiyo ni nzito. Anaweza kumeza dawa zake kwa uaminifu, akaenda kliniki Bondo kila tarehe aliyopewa, na sukari ikakataa kushuka. Daktari anamwuliza anakula nini. Anajibu kwa ukweli: ugali, samaki, mboga. Chai ya saa nne hata haimjii akilini, kwa sababu kwake hiyo si chakula.

Kwa nini asikatae? Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, leo yangu niletee isiyo na sukari."

"Isiyo na sukari? Nyathina, kwani umekuwa mgonjwa?"

Na ofisi nzima inageuza shingo. Wengi wetu tungependa kunywa vijiko 5 kuliko kujibu swali hilo mbele ya wenzetu. Ndiyo maana nasema dawa ya tatizo hili isiwekwe mabegani mwa mgonjwa. Chupa yote ipikwe bila sukari, na bakuli la sukari na kijiko viwekwe mezani. Anayetaka vijiko vitatu atie vitatu. Anayetaka kimoja, au asitake kabisa, hamna atakayemwuliza. Wiki ya kwanza watu watalalamika kwamba sukari iliyotiwa baadaye haina ladha ile ile. Ni kweli, kuna tofauti. Ulimi huzoea.

Kuhusu soda nitasema machache. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola hubeba karibu vijiko 8. Tatizo letu kubwa ni heshima. Kwenye baraza au semina, mgeni akipewa soda na mkate anaona amekaribishwa, na akipewa maji anaona amedharauliwa. Wazee ndio wanaotangulizwa kupewa, na wazee ndio wenye presha na kisukari kuliko sisi. Anayeandaa mkutano anaweza kuanza na maji safi ya baridi na ndizi mbivu, mezani, kwa kila mtu, kuanzia afisa aliyetoka Siaya. Mkubwa akinywa maji bila kulalamika, hakuna mzee atakayejiona amedharauliwa.

Wapo wanaosema mashine ingetuletea maendeleo. Mimi nina shaka. Mashine hupenda vitu visivyooza, na vitu vinavyokaa miezi bila kuoza ni vile vilivyojaa sukari na chumvi: soda, chokoleti, biskuti, krispi. Marekani, ambako mashine hizo zimejaa, serikali kuu ililazimika mwaka 2011 kuandika mwongozo wa kueleza ni vyakula gani bora viwekwe kwenye mashine na mikahawa ya majengo yake. Mama wa Usenge anaweza kuleta kilichochemshwa asubuhi hii hii. Anaweza kuleta nyoyo, yaani mahindi na maharagwe. Anaweza kuleta rabuon, viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, njugu zilizokaangwa bila chumvi nyingi, uji wa wimbi kwenye chupa, na papai msimu wake ukifika. Havileti kwa sababu hakuna anayeviagiza. Mwagize.

Mayai ya kuchemsha ni kitafunio kizuri, na ganda lake humlinda na mikono ya watu. Hatari huja na kachumbari. Nyanya na vitunguu vibichi vilivyooshwa kwa maji machafu hubeba vijidudu hadi ndani ya yai lililokuwa salama. Kipindupindu kikitangazwa, kula yai lako kavu.

Hapo tumefika kwenye maji, na maji ya ziwa hayataki mzaha. Mwaka 2008 Nyanza ilipata mlipuko wa kipindupindu, na haukuwa wa mwisho. Chai iliyochemka ni salama. Kikombe je? Tazama beseni la mama baada ya watu 15 kunywa. Maji ni yale yale, yamepoa, yana rangi ya chai, na kikombe kinachovywa humo ndicho utakachopewa wewe. Tiba yake ni rahisi: kila mtumishi awe na kikombe chake, akioshe mwenyewe. Wageni waoshewe vyao kwa sabuni, kisha visuuzwe kwa maji mengine yaliyotiwa dawa. Na mama asioshee vyombo ziwani akiwa amesimama majini. Kichocho huingia kupitia ngozi ya miguu, hata kama hakunywa tone. Maji ya ziwa yakiwekwa kwenye chombo kwa siku mbili, vijidudu vya kichocho hufa, lakini vya kipindupindu na homa ya matumbo haviuawi hivyo. Kwa hivyo chemsha, au tia dawa ya klorini kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha subiri nusu saa.

Na yahifadhiwe wapi? Ofisi nyingi huona fahari kuwa na kile chombo cha plastiki cha maji ya moto na baridi. Umeme ukipotea, kinabaki pambo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, akina mama wafinyanzi wa upande wa Homa Bay walitengeneza mitungi ya udongo iliyoboreshwa. Ina mdomo mwembamba usioruhusu mkono kuingia, ina kifuniko, na ina bomba chini. Ni dapi ile ile ya nyanya zetu, ila imewekewa bomba. Udongo hutoa jasho, na jasho hilo hupoza maji bila umeme. Ofisi yenye dapi moja pembeni, na nyingine kwenye veranda ya wanaongoja, imekwisha kufanya kazi kubwa ya afya. Kumbuka kwamba kuna mtu ametoka kisiwa cha Mageta kwa boti alfajiri, hana kitu tumboni, na zamu yake itafika saa saba.

Sasa jambo ambalo watumishi hawapendi kulisikia, nalo ni deni. Ofisini chai hunywewa kwa daftari. Jina lako linaandikwa, nawe unalipa mwisho wa mwezi. Mshahara ukichelewa, na tunajua huchelewa, daftari la mama linajaa na mkoba wake unabaki mtupu. Lakini kesho saa nne anatarajiwa na ndoo yake. Atafanya nini? Atapunguza maziwa na kuongeza sukari ili mnywaji asitambue. Atakaangia mandazi mafuta ya juzi, na ya juzi yatakuwa ya wiki jana. Mafuta yaliyochemshwa tena na tena hugeuka meusi, hutoa moshi mapema, huwa mazito, na hutengeneza vitu vinavyodhuru mishipa ya damu na moyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Ukiona andazi lina rangi ya kahawia nzito nje na harufu ya moshi, kabla hujamlaumu mama, fungua ukurasa wako kwenye daftari. Ofisi inaweza kukubaliana kulipa kila Ijumaa, hata nusu. Mama mwenye fedha mkononi hununua mafuta mapya.

Naye mama ana wajibu wake. Sheria za Kenya zinamtaka anayeandaa au kuuza chakula kwa umma apimwe na awe na cheti, na vipimo hurudiwa kila miezi 6. Bwana Afya ndiye wa kuulizwa. Wakati mwingine mtumishi anakunywa chai ya mama asiye na cheti katika ofisi ile ile inayosimamia vyeti. Ofisi ikimsaidia kwa nauli na ada ya kupimwa, itakuwa imejisaidia yenyewe. Asiuze siku anapoharisha, na asinyimwe nafasi yake kwa sababu ya siku hizo mbili. Akijua atafukuzwa, ataficha. Na mandazi yasifungwe kwenye gazeti, maana wino hushikamana na mafuta. Sahani na koleo vinatosha.

Msikilizaji mmoja anaweza kuuliza: huyu mama wa ndoo, mkutano mkubwa wa kaunti ukija, si zabuni huenda kwa mwenye hoteli? Si lazima. Tangu mwaka 2013 serikali ya Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kilichosajiliwa kinaweza kuomba kuandaa vinywaji na vitafunio. Wazo hili lina wazee wake. Marekani ilipitisha mwaka 1936 sheria ya Randolph na Sheppard, iliyowaruhusu vipofu kuendesha vibanda vya vitafunio katika majengo ya serikali kuu, na baadaye sehemu ya mapato ya mashine za humo ikaingizwa katika mpango huo. Ofisi inayotoa zabuni ina haki ya kuandika masharti: chai isiyotiwa sukari, maji yaliyotiwa dawa, tunda moja kwa kila mtu.

Akina mama wajawazito, neno moja. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika chakula. Usinywe chai pamoja na chakula au na vidonge vya damu. Acha saa moja ipite.

Mwisho, bakuli la sukari lisiondolewe mezani hata kama ofisi yote imeacha kuitumia. Mwenzako anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, akichelewa kula, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Atatetemeka, atatokwa na jasho jingi, atazungumza maneno yasiyoeleweka, na wengine watadhani amelewa. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe upesi vijiko 4 vya sukari kwenye maji, au nusu bilauri ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15. Asipopata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, mpe chakula. Kama amezimia usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, na atafutwe gari la kumpeleka hospitali mara moja.