Unauza visu vya kukunja? Kaza skrubu kwa kipimo kabla ya kutuma mzigo

Leo naongea na wanaouza visu vya kukunja mtandaoni: wateja wetu ni wakulima wa zabibu, mafundi umeme, madereva.

Mzigo ukitoka hapa Majengo kwenda Kondoa au Singida unatikisika njia nzima. Skrubu iliyolegea kidogo inazidi kulegea. Mteja akifungua akakuta bapa la kisu linacheza kushoto kulia, hasemi "skrubu imelegea". Anasema "umeniuzia feki". Hapo umepoteza nauli ya mzigo na mteja mwenyewe. Na hiyo ndo hasara ndogo. Kubwa ni kidole: kisu kilicholegea, loki inaweza isikae sawa, bapa likajikunja mtu akiwa kazini.

Sasa kwa nini tusikaze tu mpaka mwisho? Skrubu ya bawaba, pale bapa linapozungukia, ukiikaza sana kisu kinakuwa kigumu kufungua. Mteja anatumia nguvu, na nguvu kwenye kisu ni ajali. Skrubu ndogo za mpini na klipu ukizidisha, kichwa kinalika au thredi inakufa.

Dawa yake ni bisibisi ya toki. Unaiwekea namba, nguvu ikifika hapo inalia "tak" na haikazi zaidi. Spana ya toki ya gereji haifai: nati ya tairi la gari dogo inataka kama Nm 100, skrubu ya milimita 2 kwa kawaida haifiki hata Nm 0.5. Na soma kipimo kilichoandikwa kwenye kifaa. Nm 1 ni karibu kgf.cm 10, au in-lb 9. Ukichanganya hivyo, unakata skrubu.

Mimi nafanya hivi:

1. Biti sahihi. Visu vingi vina kichwa cha nyota ya pembe sita, mara nyingi T6 kwenye klipu na T8 kwenye bawaba. Biti iingie bila kucheza.

2. Mpini na klipu kwanza, kisu kikiwa kimefungwa. Naanza Nm 0.2, napanda kidogo tu kama bado inalegea.

3. Bawaba. Hapa hakuna namba moja ya visu vyote. Chukua kisu kimoja kama sampuli, panda hatua kwa hatua. Kila hatua kifungue, shika mgongo wa bapa, tikisa. Pale linapoacha kucheza lakini bado linafunguka laini, hiyo ndo namba yako. Iandike. Visu vingine vya aina hiyo anza na namba hiyo hiyo, kisha kila kimoja kihakiki kwa mkono.

4. Loki. Fungua kisu mpaka mwisho, bonyeza mgongo wa bapa taratibu kwenye ubao, vidole vikae mbali na njia ya bapa. Loki ikiteleza, kisu hicho hakiuzwi.

5. Gundi ya skrubu. Ni kwa zile zinazolegea kila mara. Tumia ya bluu. Futa mafuta kwa spiriti, weka tone dogo kwenye thredi tu, kaza, acha saa 24 ndo utume. Ikimwagikia kwenye bawaba inaweza kugandisha kisu. Mpini wa plastiki usiupake, plastiki nyingine hupasuka. Ya nyekundu achana nayo, kuifungua mpaka moto.

Utasema mkono wako una uzoefu. Sawa, lakini mkono wa asubuhi na mkono wa jioni baada ya visu 30 si mkono mmoja. Kipimo hakichoki.

La mwisho: kabla ya kufunga mzigo, rekodi video ya sekunde 10 ukifungua kisu na kutikisa bapa, mtumie mteja WhatsApp. Ataona kimetoka kwako kikiwa kizima. Likitokea tatizo njiani, mnaanza kuongea mkiwa na ushahidi, hamgombani.

Kisu kifungwe, kizungushiwe raba bendi, ndo kiingie kwenye boksi. Kazi njema wadau.