Pampu Isiyo na Vali Inavyousaidia Moyo wa Mtoto

Je, mtoto wako huchoka haraka kuliko wenzake? Je, huhema mbio hata akiwa amekaa tu? Katika sehemu za Kisian, kama kwingineko kando ya Ziwa Victoria, mzazi akiona dalili hizi hufikiria malaria kwanza. Hakosei. Malaria huharibu damu ya watoto wengi, na mtoto aliyepungukiwa na damu huhema mbio na moyo wake hudunda kwa nguvu. Ndiyo maana taasisi ya KEMRI iliyoko papo hapo Kisian imeuchunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi. Hata hivyo, malaria ikitibiwa na dalili zikabaki, huenda shida iko kwenye moyo wenyewe.

Leo tunaeleza jinsi moyo unavyosukuma damu, na jinsi pampu isiyo na vali hata moja inavyoweza kushika kazi ya moyo wa mtoto wakati madaktari wakiutengeneza.

Moyo ni pampu yenye milango

Huenda umeiona ile pampu ya kukanyaga kwa miguu ambayo wakulima hutumia kunyunyizia sukuma wiki maji ya ziwa. Ukikanyaga, maji hupanda. Ukiachilia, hayarudi yalikotoka. Sababu ni kwamba ndani yake mna vali, yaani vifuniko vinavyofunguka upande mmoja tu.

Moyo nao una vali nne. Moyo unapojikaza, vali hufunguka na kuruhusu damu ipite, kisha hujifunga ili isirudi nyuma. Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alitangaza kwamba damu huzunguka mwilini, na vali zilizomo katika mishipa zilikuwa mojawapo ya ushahidi wake.

Kwa mtoto, kazi hii haina nafasi ya makosa. Moyo wa mtoto mchanga hupiga kati ya mara 100 na 160 kwa dakika. Damu yake ni takriban mililita 80 kwa kila kilo ya uzito. Hivyo mtoto wa kilo tatu ana mililita 240 hivi za damu, yaani haijazi hata chupa ya soda ya mililita 300.

Vali huharibikaje?

Wako watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo, kwa mfano tundu kati ya vyumba vya moyo au vali iliyobana. Wengine huzaliwa wazima, kisha vali zao huharibiwa na ugonjwa unaoanzia kooni.

Bakteria aina ya streptokokasi huingia kooni, na koo huuma pamoja na homa. Koo lisipotibiwa vizuri, wiki mbili au tatu baadaye mwili wa mtoto unaweza kuanza kujishambulia. Viungo kama magoti huvimba na kuuma, maumivu yakihama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo hupona, lakini vali za moyo huweza kubaki na makovu, zikawa hazifunguki wala kufunga sawasawa.

Pampu ya magurudumu

Vali iliyoharibika sana huhitaji upasuaji. Lakini daktari atashonaje kitu kinachorukaruka na kujaa damu? Ni lazima moyo usimamishwe, na kitu kingine kifanye kazi yake. Tarehe 6 Mei 1953, daktari John Gibbon wa Philadelphia, Marekani, alifaulu kumpasua moyo msichana wa miaka 18 huku damu yake ikizungushwa na mashine. Leo mashine ya moyo na mapafu hutumika pia hapa Kenya, zikiwemo hospitali za Nairobi na Hospitali ya Tenwek, Bomet.

Katika mashine nyingi za aina hiyo pampu yenyewe ni rahisi kushangaza. Chukua mpira wa kumwagilia maji. Ubinye kwa kidole gumba, kisha telezesha kidole kuelekea mbele bila kukiinua. Maji yaliyo mbele ya kidole hukimbia, na nyuma yake mpira hujaa tena. Ndivyo pampu hii inavyofanya. Mpira laini hulazwa katika kikombe chenye umbo la kwato la farasi, na magurudumu mawili madogo huzunguka yakiubinya. Kabla gurudumu moja halijaachilia, la pili limekwisha kubana. Hivyo damu haina njia ya kurudi nyuma, ingawa hamna vali yoyote.

Faida yake ni ipi? Vali ndogo ya kutosha mtoto mchanga ni vigumu kuitengeneza, na damu hupenda kuganda kwenye pembe na mikunjo yake. Mpira ulionyooka hauna pembe. Tena sehemu inayoguswa na damu hutupwa baada ya mgonjwa mmoja na kuwekwa mpya.

Lakini pampu hii ina hatari zake. Gurudumu halijui kama mbele pameziba, wala kama chombo cha damu kimekauka. Litaendelea kuzunguka tu, na linaweza kupasua mpira au kusukuma hewa mwilini. Kwa hiyo mtaalamu wake haondoki hapo hata dakika moja. Kubinywa huko pia huvunja chembe nyekundu za damu kidogo kidogo, ndiyo maana upasuaji haucheleweshwi. Na mgonjwa hupewa dawa ya heparini ili damu isigande ndani ya mipira.

Maajabu ya mimba

Iko pampu nyingine isiyo na vali, nayo wewe mwenyewe uliwahi kuwa nayo. Moyo wa mtoto tumboni huanza kupiga mwishoni mwa wiki ya tatu tangu mimba kutungwa. Wakati huo ni bomba dogo tu, halina vali. Hata hivyo damu husonga mbele!

Mwaka 1954 daktari Mjerumani, Gerhart Liebau, alionyesha kwamba bomba laini lililounganishwa na bomba gumu likibinywa mara kwa mara mahali pamoja, si katikati bali upande mmoja, maji hufuata njia moja bila vali. Mwaka 2006 watafiti wa California walitangaza kwamba moyo mchanga wa samaki mmoja mdogo, ambaye mayai yake huonyesha kilicho ndani, hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Wahandisi wanatamani kuunda pampu kama hizo ili siku moja ziwasaidie watoto waliozaliwa na nusu ya moyo isiyofanya kazi. Kazi hiyo ingali ya maabara, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie matumaini ya mashine hiyo leo.

Wewe ufanye nini?

Pampu nzuri kuliko zote ni ile aliyozaliwa nayo mtoto. Ilinde hivi:

• Koo likiuma pamoja na homa, mpeleke mtoto kliniki. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani. Akipewa dawa, amalize zote hata akipata nafuu.

• Mpeleke apimwe moyo mtoto anayechoka upesi, anayevimba miguu, anayekohoa usiku akilala chali, au ambaye viungo vyake huvimba kwa zamu. Mtoto mchanga anayetoka jasho na kuhema anaponyonya, au midomo yake ikigeuka buluu, asicheleweshwe hata siku moja. Usiseme ni uvivu au jicho baya.

• Kutoka Kisian, hospitali kubwa ya rufaa ni Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia.

• Mtoto akiambiwa ana homa ya baridi yabisi, sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne isikosekane, ingawa anaonekana mzima. Hudungwa kwa miaka mingi, nayo huzuia vali zisizidi kuharibika.

• Changia damu ikiwa una umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mipira ya mashine hujazwa kabla ya kuunganishwa na mgonjwa, na mtoto mdogo hana damu ya kutosha kugawana nayo. Aghalabu pengo hilo huzibwa kwa damu ya mtu mwingine. Hiyo hiyo ndiyo humwokoa mtoto wa jirani aliyeishiwa na damu kwa malaria.