Jina Bila Sentensi: Muindi Mbingu na Lugha ya Ukumbusho

1. Utangulizi

Neno ukumbusho limetokana na kitenzi kumbuka, kwa kupitia kauli ya kusababisha: kumbuka, kumbusha, ukumbusho. Kwa mujibu wa mnyambuliko huo, ukumbusho hudai mambo matatu: anayekumbusha, anayekumbushwa, na jambo lenyewe. Kitu kisichomkumbusha mtu jambo lolote ni alama tu, hata kikijengwa kwa mawe au kwa shaba. Makala haya yanaichunguza tofauti hiyo kwa kuliangalia jina la mtaa mmoja wa Nairobi, Muindi Mbingu, ambalo asili yake ni Ukambani. Swali linaloulizwa ni hili: je, jina hilo ni ukumbusho au ni alama? Swali hili lina uzito kwa Kitui na Makueni, ambako vizazi vilivyoyaona mambo yenyewe vinazidi kutoweka.

2. Mambo ya 1938

Katika miaka ya 1930 Ukambani ilikuwa wilaya mbili, Machakos na Kitui. Makueni ya leo, pamoja na vilima vya Mbooni na Kilungu, ilikuwa sehemu ya Machakos. Ilipewa wilaya yake mwaka 1992, na baada ya katiba ya 2010 ikawa kaunti. Ardhi nzuri ya vilima vya Mua ilikuwa imekwisha kutwaliwa na walowezi wa Kizungu, na uwanda wa Yatta, uliopo kati ya Machakos na Kitui, ulihesabiwa kuwa ardhi ya Serikali ya Uingereza. Wakamba na mifugo yao wakabanwa katika eneo lililotengwa kwa misingi ya rangi. Udongo ulipoanza kumomonyoka, serikali haikusema kwamba ardhi imekuwa ndogo, bali ilisema kwamba ng'ombe wamekuwa wengi.

Hivyo mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada kwa bei duni, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig's kilikuwa kimeanzishwa Athi River na kilihitaji wanyama. Lugha ya serikali iliita jambo hilo kupunguza mifugo. Kitenzi hicho kinastahili kuangaliwa. Mtu hupunguza chumvi katika chakula, au matawi ya mti wake. Hupunguza kilicho mkononi mwake. Anayekichukua cha mwenzake bila ridhaa hapunguzi, hunyang'anya. Kwa mfugaji, ng'ombe walikuwa akiba ya wakati wa njaa, na ndio waliotolewa mahari.

Mwezi Julai mwaka huohuo, zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka Machakos kwenda Nairobi kumwona Gavana, wakaongozwa na Muindi Mbingu, mzaliwa wa Ngelani. Walikaa huko kwa majuma kadhaa. Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwaunga mkono. Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu kwa amri ya serikali. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu.

3. Maandishi mawili ya Nairobi

Katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue imesimama sanamu ya askari wa Kiafrika na mchukuzi, iliyowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yamo katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wakamba walikuwa wengi miongoni mwa askari na wachukuzi hao. Maandishi hayo yana sentensi kamili, lakini hayana jina la mtu hata mmoja.

Karibu na hapo upo mtaa wa Muindi Mbingu. Baada ya uhuru wa 1963 majina mengi ya wakoloni yaliondolewa katikati ya jiji, na majina ya wapinzani wao yakawekwa. Kibao cha mtaa huu kina jina la mtu, lakini hakina sentensi. Hakisemi alikuwa nani, alitendewa nini, wala aliyemtendea ni nani. Kwa hiyo sanamu ya mkoloni inasema bila kutaja, na kibao cha taifa huru kinataja bila kusema.

Pengo hilo hujazwa na masikio ya msomaji. Katika maandishi ya Kikamba jina hilo huandikwa Mũindi, kwa alama ya irabu ambayo vibao vya mjini havina. Msemaji wa Kiswahili asiyeijua habari yake husikia Mhindi katika neno la kwanza, na katika la pili husikia mbingu, yaani anga. Neno la Kikamba kwa maana hiyo si mbingu bali ni ĩtu. Hata hivyo kufanana kwa sauti kunatosha kumpoteza mgeni. Tena upande mmoja wa mtaa huo lipo soko la City Market, lenye mabucha mengi. Mnunuzi huipokea nyama yake bila kujua kwamba jina lililopo nje ni la mtu aliyehamishwa kwao kwa ajili ya ng'ombe.

4. Ukumbusho uliomo ardhini

Huko Makueni hali ni kinyume: jambo lipo, jina halipo. Katika miaka ya 1940 serikali ilifungua makazi mapya Makueni, katika pori lenye mbung'o, ili kuzihamisha familia kutoka vilima vilivyojaa watu. Waliohamia waliwekewa masharti juu ya idadi ya mifugo na utunzaji wa udongo. Makazi hayo yalikuwa, kwa namna yake, kukiri kwamba tatizo la 1938 lilikuwa la ardhi. Lakini anayepita hapo haoni neno linalouunganisha uhamisho huo na safari ya Nairobi.

5. Hitimisho

Mambo haya yanawahusu wanalugha moja kwa moja. Maandishi ya ukumbusho ni utungo mfupi wenye sarufi yake. Ikiandikwa kwamba ng'ombe walichukuliwa, kauli ya kutendwa humficha mtenda. Ikiandikwa kwamba serikali ya kikoloni iliwachukua, kila mmoja yupo mahali pake. Hali kadhalika, neno mwathiriwa peke yake halitoshi, kwani Muindi Mbingu na wenzake walidhulumiwa na pia walitenda: walikwenda, walidai, na mnada ukakoma.

Sentensi mbili za Kiswahili na mbili za Kikamba, kwa tahajia sahihi, chini ya kibao cha mtaa na katika miji ya Kitui na Wote, zingetosha kuligeuza jina kuwa ukumbusho. Gharama yake ni ndogo kuliko ya sanamu. Kazi ya kuzitunga ni ya wale wanaozifundisha lugha hizo.