Kiingereza cha Melini na Vijana wa Mto Tana

Mto Tana ufikapo Garsen huwa umekwisha kusafiri mwendo mrefu toka nchi za milimani, nao ukiiacha Garsen huteremka polepole kati ya mashamba ya mpunga na miembe hata Kipini, mahali unapoingia baharini katika Ghuba ya Ungwana. Watu wa nchi hiyo hukaa na maji siku zote. Mtoto wa Kipokomo hujifunza kushika upondo na kafi akali mdogo, na kule Kipini wavuvi hutweka matanga yao wakaenda baharini. Basi si ajabu kwamba wako vijana watamanio kazi ya ubaharia katika meli kubwa.

Mwenye kuitaka kazi hiyo huelekea Mombasa, ambako Chuo cha Bandari kiligeuzwa katika mwaka wa 2018 kuwa Bandari Maritime Academy, apate mafunzo na vyeti vinavyotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Huko hukutana na somo alilodhani amekwisha kulimaliza shuleni, nalo ni Kiingereza. Mtu aweza kuuliza: Kijana aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne ana haja gani ya kufundishwa Kiingereza tena?

Sababu ni kwamba meli ya leo hukusanya mataifa mengi. Nahodha aweza kuwa Mgiriki, mhandisi Mhindi, wapishi Wafilipino, naye mshika usukani Mkenya. Katika mwaka wa 1973 kamati ya usalama ya shirika la mataifa lisimamialo usafiri wa bahari, lenye makao yake London, ilikubali ya kuwa pale lugha zinapotatiza, Kiingereza ndicho kitumike katika kuongoza meli. Mwaka 1977 ukatolewa msamiati wa kwanza, na mwezi wa Novemba 2001 ukapitishwa mkusanyo mkubwa zaidi wa sentensi za baharini, ujulikanao kwa herufi zake, SMCP. Mkataba wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake, humtaka afisa wa zamu ajue kuutumia mkusanyo huo. Hata baharia asiye afisa, akiwa ni wa kushika usukani, hutakiwa azifahamu amri za usukani kwa Kiingereza.

Hasara ya kutoelewana ilionekana usiku wa tarehe 7 Aprili 1990, wakati meli ya abiria iitwayo Scandinavian Star iliposhika moto katika safari ya kutoka Oslo kwenda Frederikshavn, Denmark. Watu 159 walikufa. Makosa yaliyogunduliwa katika meli ile yalikuwa mengi, na mojawapo lilikuwa hili, kwamba mabaharia walitoka mataifa mbalimbali, wengi walikuwa wageni melini, wala hawakuwa na lugha moja ya kusemezana wao kwa wao na abiria wao.

Sasa na tutazame tofauti yenyewe. Shuleni mwanafunzi husifiwa kwa wingi wa maneno na kwa upole wa usemi. Melini maneno hupunguzwa, na kila moja hupewa maana moja tu. Mathalani neno can. Kijana akitaka kujua kama meli yake imeruhusiwa kuingia bandarini, huwaza kwa Kiswahili, "Naweza kuingia?" akasema kwa simu ya upepo, "Can I enter?" Swali hilo lina maana mbili katika lugha zote mbili: huenda anaomba ruhusa, huenda anauliza kama kina cha maji kinatosha. Akijibiwa "Waweza," hajui amejibiwa lipi. Kwa hiyo mkusanyo wa mwaka 2001 huonya juu ya can, may, might, should na could. Msemaji hutanguliza neno question, ili msikilizaji ajue kwamba lijalo ni swali, kisha husema, "Is it permitted to enter?" Hapo maana ni ruhusa tu.

Hatari nyingine imo katika neno dogo la "ndiyo." Mswahili akiulizwa, "Hujafunga mlango?" hujibu, "Ndiyo," yaani ni kweli, sijaufunga. Mwingereza akiulizwa vivyo hivyo na kujibu "Yes," maana yake ni kwamba ameufunga. Mlango huo ukiwa ndio uzuiao maji yasiingie chini ya meli, tofauti hiyo si ya kuchekwa. Sheria ya lugha ya melini ni kwamba anayejibu aseme yes au no, kisha ayarudie maneno yote: "No, the door is not closed."

Saa nazo zina mtego wake. Saa tatu ya asubuhi ya Garsen huandikwa melini 0900, na nambari husomwa moja moja. Nyuzi 150 za dira husemwa one-five-zero, kwa maana fifteen na fifty hufanana mno katika kelele za upepo na mitambo.

Na matamshi? Hapa mwalimu hana budi kukaza kamba. Kiswahili kina irabu tano tu, na Kiingereza kina nyingi kuliko hizo. Usukani wa meli ni rudder, chombo cha kuonea meli nyingine gizani ni radar, na yote mawili katika kinywa cha Mswahili huwa "rada." Baharia anayepiga mbio kumwambia nahodha kwamba "rada" imeharibika, amemwambia habari mbili kwa pamoja.

Lakini lililo gumu kupita yote ni pande za chombo. Mtoni mwendo hutajwa kwa mkondo: mtu hupanda mto au huushuka. Katika jahazi husemwa joshi na demani, yaani upande uelekeao upepo na upande wa pili, na upepo ukigeuka pande hizo nazo hugeuka. Kiingereza cha melini hakitazami mkondo wala upepo wala uso wa msemaji. Port ni ubavu wa kushoto wa meli kwa mtu anayeelekea omo, na starboard ni wa kulia, nayo hubaki hivyo hivyo hata baharia akigeuka kutazama tezi. Kijana aliyelelewa mtoni huyakariri maneno hayo kwa siku moja, lakini kuyazoea mwilini humchukua muda.

Ndiyo sababu somo hili halifundishwi kwa kitabu peke yake. Afisa husema, "Port ten," mshika usukani huitika, "Port ten," na kuugeuza usukani nyuzi kumi kushoto, na afisa huangalia kama amri imetimizwa sawasawa. "Steady" ni amri ya kuuzuia upesi mzunguko wa meli. "Steady as she goes" ni kushika mwelekeo ulio kwenye dira wakati amri inapotolewa. Mwalimu wa Kiingereza asiyepanda meli hawezi kuzitenga amri hizo mbili, na nahodha asiyejua kufundisha huzitaja mara moja akaendelea mbele. Wawili hao wakisaidiana, wanafunzi hufaidika.

Sehemu ya matayarisho yaweza kufanywa hata Garsen, bila meli. Viti vya darasa hupangwa kwa umbo la chombo. Mmoja hutoa amri, mwingine huirudia. Majina ya nyumbani huendelezwa kwa herufi za simu: Garsen huwa Golf, Alfa, Romeo, Sierra, Echo, November. Saa za Kiswahili hugeuzwa kuwa za melini papo hapo, bila kuandika.

Tena yafaa mwanafunzi azoezwe kusema "Say again." Kijana mwenye adabu, mkubwa wake akisema jambo asilolisikia vema, huona haya kumrudisha nyuma, huitikia kwa kichwa na kungoja lifafanuke lenyewe. Melini kuitikia hivyo ni kosa, na afisa aliyeombwa kurudia amri yake huirudia bila kuudhika.